Seva yetu wenyewe au sanduku la kupanga: barua pepe ya ofisi ndogo Tanga

Ofisi yetu iko Ngamiani, Tanga, na kazi yetu ni kutoa mizigo bandarini kwa niaba ya wenyewe. Tuko watu tisa, pamoja na mhasibu na kijana wa kupeleka nyaraka. Asiyeijua kazi hii hudhani inafanyikia getini, kumbe sehemu yake kubwa inafanyikia ndani ya barua pepe: nakala ya hati ya shehena hutoka kwa msafirishaji wa Mumbai au Guangzhou, taarifa ya kuwasili kwa meli hutoka kwa wakala wa meli, ankara huenda kwa mteja wa Korogwe au Lushoto, na mojawapo ikichelewa siku mbili, kontena huendelea kukaa na tozo ya kukaa huendelea kuhesabiwa. Tangu gati za Tanga zilipoongezwa kina na meli zikaanza kufunga gatini badala ya kutia nanga nje na kushusha kwa matishari, nyaraka zimeongezeka na subira ya wateja imepungua. Tangu 2018 ofisi hii imeendesha barua pepe yake kwa njia tatu tofauti, zote nimezilipia mimi, na hapa naeleza kila moja ilitupa nini na ilitunyang'anya nini.

Njia ya kwanza ilikuwa seva yetu wenyewe. Fundi wetu wa kompyuta, kijana mwenye bidii aliyekuwa akija siku mbili kwa wiki, alitushawishi kwamba hakuna sababu ya kulipia masanduku ya watu wakati programu zenyewe ni huria na za bure. Alichukua kompyuta ya mezani iliyokuwa imekaa tu, akaitia diski mbili zinazoakisiana, akaweka Linux, kisha Postfix ya kupokea na kutuma barua, Dovecot ya kuzihifadhi na kuzigawa kwenye simu na kompyuta zetu, na Roundcube ya kusomea kwa kivinjari. Si programu za kubahatisha hizi. Postfix iliandikwa na Wietse Venema alipokuwa IBM ikatolewa kwa umma mwaka 1998, Dovecot ilianzishwa na Timo Sirainen mwaka 2002, na mpaka leo zinabeba barua za taasisi kubwa kuliko sisi kwa mbali sana. Katika miaka minne Postfix yenyewe haikuanguka hata siku moja, na nalisema hilo mapema kwa sababu lawama nyingi zitakazofuata haziihusu.

Raha zake zilikuwepo. Mfanyakazi mpya alifunguliwa sanduku kwa dakika moja bila kununuliwa leseni. Faili la megabaiti 40 lilitoka meza hii kwenda meza ile bila kugusa bando. Hatukufuta kitu, kwa kuwa diski ilikuwa ya terabaiti moja na sisi ni watu tisa, na mteja wetu wa siku nyingi alipohitaji barua ya miaka mitatu nyuma kuhusu vipuri vya mtambo wa kuchakata mkonge, tuliipata kabla hajamaliza chai yake. Na kulikuwa na jambo ambalo halimo kwenye hesabu: barua za wateja zilikuwa chumba cha pili, nyuma ya kufuli ambayo ufunguo wake ulikuwa mfukoni mwangu.

Kilichotushinda ni kuaminiwa. Kupokea barua ni kazi nyepesi. Kutuma ndiko kwenye kesi. Itifaki ya SMTP, yaani kanuni ambazo mashine hufuata kupelekeana barua pepe, ambayo Jon Postel aliiandika mwaka 1982, haikumtaka mtumaji athibitishe kuwa yeye ni nani, kwa hiyo yeyote aliweza kubisha hodi kwa jina la mtu mwingine, na dunia nzima imekuwa ikiziba ufa huo kwa viraka tangu hapo. Kiraka cha SPF hutangaza ni mashine zipi zinazoruhusiwa kutuma kwa jina la kikoa chako, yaani lile jina linalofuata alama ya @ kwenye anwani yako. DKIM huitia kila barua saini ya kihesabu. DMARC humweleza mpokeaji afanye nini endapo hizo mbili hazikubaliani na jina analoliona juu ya barua. Zote tatu fundi wetu aliziweka kwa alasiri moja. Asichoweza kukiweka ni cha nne, ambacho hakimo mikononi mwa mwenye kikoa: anwani ya IP, yaani namba inayoitambulisha mashine kwenye intaneti, iwe ya kudumu, isiwe kwenye orodha za kuzuiwa, na iwe na rekodi ya kinyume, yaani rekodi inayomwezesha anayeiona namba kulipata jina. Rekodi hiyo huwekwa na mwenye namba, na mwenye namba ni mtoa huduma ya intaneti.

Wiki za mwanzo ankara zetu zilikuwa zikiangukia kwenye barua taka za watu. Tulipochunguza, tukaikuta anwani yetu ndani ya PBL, mojawapo ya orodha za Spamhaus, shirika linalofuatilia barua taka, ambazo waendesha seva wa nchi nyingi huzitazama kabla ya kupokea barua. Orodha hii haimtuhumu mtu kwa kosa. Inataja tu mafungu ya anwani ambazo hazitarajiwi kutuma barua moja kwa moja, kama zile za majumbani na zile zinazobadilikabadilika. Mtoa huduma wetu, ambaye simtaji jina, alituuzia anwani ya kudumu kwa ada ya kila mwezi, na hilo lilikwenda upesi kwa kuwa lilikuwa na malipo. Rekodi ya kinyume, ambayo haikuwa na malipo, ilichukua wiki sita, kwa sababu kila niliyempata kwenye simu alinielekeza nizime ruta, nisubiri nusu dakika, niiwashe tena. Niliizima na kuiwasha, kwa adabu, mara ambazo sizikumbuki.

Baada ya hapo tulipata karibu miaka miwili ya utulivu, na nikiri kwamba katika miaka hiyo ningeandika tathmini nyingine kabisa. Kisha mtoa huduma akafanya maboresho ya mtandao wake usiku wa Jumamosi moja ya 2021, nasi tukaamkia anwani mpya bila taarifa. Kuanzia Jumatatu hadi Alhamisi barua zetu zilitoka kama kawaida. Baadhi zilikataliwa na kurudi na maelezo ya kosa, na hizo ndizo zilizokuwa na huruma, kwa maana mtu akikataliwa hujua. Nyingine zilipokewa kimyakimya na kuzikwa kwenye barua taka, na mteja mmoja wa Korogwe akapiga simu siku ya nne akiuliza, "Mzee, hiyo ankara unanitumia kwa gari la mkaa?" Kontena lake lilikaa siku nne zaidi ya ilivyohitajika, na tozo ya siku hizo tuliibeba sisi, kwa kuwa kosa halikuwa lake.

Mambo hayajalegea tangu hapo. Februari 2024 Google na Yahoo zilianza kudai kwa pamoja kwamba anayetuma kwa wingi awe na SPF, DKIM na DMARC, zote tatu, na Google ikaweka kiwango cha barua 5,000 kwa siku kwenda Gmail kuwa ndipo mtu anapoitwa mtumaji wa wingi. Microsoft ikafuata na masharti ya namna hiyo kwa Outlook mwezi Mei 2025. Sisi hatufikishi barua 5,000 hata kwa mwezi, lakini mdogo hakuachwa huru. Google inamtaka kila mtumaji awe na angalau SPF au DKIM, awe na rekodi ya kinyume iliyo sahihi, na atume kwa njia iliyosimbwa, isiyosomeka njiani. Malalamiko ya barua taka nayo hayatakiwi kufika asilimia 0.3, na kwa ofisi inayotuma barua chache, wateja wawili wenye hasira na kitufe kimoja wanatosha kuharibu uwiano huo.

Umeme haukuwa adui mkubwa kama watu wanavyodhani. Seva ikizimika barua hazipotei, kwa kuwa kanuni za SMTP zinaitaka mashine ya mtumaji iendelee kujaribu, kwa kawaida hadi siku nne au tano, kabla ya kukata tamaa. Barua huchelewa tu. Lakini kuchelewa ndicho hasa tusichoweza kukivumilia, na betri za UPS za mjini kwetu hufa haraka kwa joto. Hewa ya chumvi nayo ina kazi yake: siku tuliyoifungua ile kompyuta kwa sababu ya kelele, feni ilikuwa na kutu kama nanga.

Kilichoifunga njia hiyo kwa upande wetu ni mtu, si mashine. Mwaka 2022 fundi alipata kazi nzuri Dodoma, tukamwombea heri, akatuachia daftari la kurasa kumi na nne lenye kila nywila na kila amri. Niliweza kulisoma, kulielewa ni jambo jingine. Kila wiki mashine ilikuwa inaomba masasisho, nami nilikuwa nayaahirisha kwa hofu ya kuharibu kinachofanya kazi, huku nikikumbuka yaliyotokea Machi 2021, pale makumi ya maelfu ya seva za Microsoft Exchange, programu ya barua pepe za ofisi, zilizokuwa maofisini mwa watu zilipovamiwa kupitia nyufa ambazo viraka vyake vilitolewa tarehe 2 ya mwezi huo. Zilizokuwa chini ya uangalizi wa Microsoft yenyewe, kwenye Exchange Online, hazikuguswa na nyufa hizo. Sisi hatukuwa na Exchange, lakini tulikuwa na kompyuta inayosikiliza dunia nzima na hapakuwa na mtu wa kuibandika viraka. Nilipokusanya risiti za mwaka mmoja, yaani ada ya anwani ya kudumu, luku ya chumba kile, betri na malipo ya fundi, ile barua pepe ya bure ilikuwa imetugharimu zaidi ya mara mbili ya huduma ninayoilipia sasa.

Njia ya pili nitaipita haraka, kama sisi wenyewe tulivyoipita. Ni ile ya masanduku yanayokuja pamoja na nafasi ya tovuti, yenye cPanel, ukurasa wa kusimamia tovuti na barua, ambayo biashara nyingi ndogo hapa nchini huipata bila hata kuichagua. Ni rahisi sana kwa bei. Lakini mamia ya tovuti hutumia seva moja na mara nyingi anwani moja ya IP, na hapo ndipo samaki mmoja akioza ndoo nzima hunuka: tovuti ya jirani tusiyemjua ilidukuliwa, ikamwaga barua taka usiku kucha, na asubuhi anwani yetu sote ikawa kwenye orodha za kuzuiwa. Msaada wa kampuni hiyo ulitujibu kwa upole kwamba tusubiri. Tulikaa miezi minane na kusubiri mara tatu.

Njia ya tatu ni kupanga: tangu katikati ya 2023 tunalipia masanduku yanayoendeshwa na kampuni kwenye seva zake, kama mtu anavyopanga chumba. Tulilinganisha huduma mbili ambazo watu wa hapa wanazifahamu zaidi, Google Workspace na Zoho Mail. Ya Google ina sifa moja kubwa isiyoandikwa kwenye bei: kila kijana anayeajiriwa anaijua tayari, maana ana Gmail kwenye simu yake tangu shuleni, na ngazi yake ya kuanzia inatoa gigabaiti 30 kwa kila mtumiaji pamoja na nyaraka na mikutano ya video. Zoho, kampuni ya Chennai nchini India, ina ngazi ya bure ya hadi watumiaji watano, ila ngazi hiyo hairuhusu IMAP, njia ambayo programu nyingine huitumia kusoma na kunakili barua za sanduku, kwa hiyo huwezi kusomea kwenye programu za kompyuta kama Outlook wala Thunderbird. Unabaki na kivinjari na programu yao ya simu. Ngazi ya chini ya kulipia huanzia dola 1 kwa mtumiaji kwa mwezi ukilipa kwa mwaka, kwa gigabaiti 5. Watu tisa ni dola 108 kwa mwaka. Hatuhitaji mikutano ya video ili kupokea hati ya shehena, tukachukua Zoho.

Kuhama kulitumia usiku tatu, kwa kuwa mchana faiba ina kazi nyingine. Tulifungua masanduku mapya, tukapunguza kabla muda wa kumbukumbu wa rekodi za DNS, daftari la intaneti la majina ya vikoa, ili mabadiliko yaonekane upesi, tukageuza rekodi ya MX, inayosema barua za kikoa zipelekwe seva gani, usiku wa Ijumaa, kisha tukanakili barua za zamani kupitia IMAP. Jumatatu ankara zilifika kwenye kikasha cha kawaida, za Gmail, za Outlook, za yule mteja wa Korogwe. Sikuwa nimefanya lolote la ziada isipokuwa kuziweka upya SPF na DKIM kwa maelekezo yao. Kuaminika kule ambako tulikupigania kwa miaka, tulikuta kumekodishwa pamoja na chumba.

Kasoro ipo, na kubwa kwetu ni nafasi. Gigabaiti 5 zinamtosha mhasibu, lakini karani wa nyaraka, ambaye siku nzima anapokea kurasa zilizoskaniwa kwa rangi, huzijaza kabla mwaka haujaisha. Kasoro nyingine ni yangu mwenyewe: malipo yanakatwa kwenye kadi ya benki, kadi ikaisha muda wake mhasibu akiwa likizo, na nikagundua kwa kubahatika siku mbili kabla ya kufungiwa.

Wapo wanaosema kupanga ni usalama mtupu, nami sikubaliani nao. Tarehe 2 Desemba 2022 huduma ya Exchange iliyokuwa ikiendeshwa na Rackspace ya Marekani ilipigwa na programu ya utekaji faili, ile inayofunga faili za watu na kudai fidia. Wateja wake, wengi wao biashara ndogo, walikaa bila barua zao kwa siku nyingi, na kampuni ikaamua kutoifufua tena huduma hiyo. Mwaka 2023 wadukuzi walisoma barua za maofisa wa serikali ya Marekani ndani ya Exchange Online, ileile ambayo miaka miwili nyuma ilikuwa mfano wa usalama. Na masharti ya mwenye nyumba hubadilika: Google iliacha kuwapa wateja wapya toleo la bure la huduma yake ya ofisi mwezi Desemba 2012, na mwaka 2022 ikawaambia biashara zilizobaki nalo zihamie kwenye kulipia. Kisha ipo bahari. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za intaneti za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ya Tanzania ilidhoofika vibaya, na sanduku letu lililo ng'ambo likawa kama liko mwezini. Hata hivyo siku hizo zilikuwa na tofauti moja muhimu: wakala wa Mumbai alipotuandikia, barua yake ilipokewa papo hapo na kutusubiri, na jioni mmoja wetu aliyekuwa na laini ya kampuni nyingine aliisoma kwa simu. Seva ya chumba cha pili isingemjibu yeyote aliye nje.

Kuhusu sheria, nimewasikia wenzangu wakisema barua zikikaa ofisini huna la kuulizwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, haiangalii mashine iko chumba gani. Anayekusanya au kuchakata taarifa za watu anatakiwa kujisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na kuzilinda, na sisi tunapokea nakala za pasi za kusafiria kila wiki. Kinachoongezeka unapopanga ng'ambo ni masharti ya kusafirisha taarifa nje ya nchi, na hayo yasomwe kabla ya kusaini mkataba.

Wala hakuna njia iliyotukinga na matapeli peke yake. Mwaka jana tulipokea barua iliyodai kutoka kwa msafirishaji wetu, ikisema akaunti yake ya benki imebadilika, na kikoa chake kilitofautiana na cha kweli kwa herufi moja. DMARC humzuia anayejifanya kuwa kikoa chako hasa. Aliyenunua kikoa kinachofanana hazuiwi, kwa kuwa ni chake kihalali. Utaratibu wetu ni kumpigia mtu simu kwa namba ya zamani kabla ya kulipa kwenye akaunti mpya, na uthibitishaji wa hatua mbili ni lazima kwa wote tisa, pamoja nami ninayeuchukia.

Mwenye mafundi wawili wanaojua kazi, si mmoja, na mtoa huduma anayeweka rekodi ya kinyume kwa siku moja, anaweza kujiendeshea seva na akaifurahia. Kuna pia njia ya katikati, ya kupokea na kuhifadhi kwako huku barua zinazotoka zikipitishwa kwa huduma ya kutuma kama Amazon SES, na laiti tungeijua 2018 huenda tungekuwa bado na seva yetu. Kwa ofisi ya ukubwa wetu nachagua kupanga bila kusita, kwa sharti moja ambalo nalo tulilijua kwa jasho: kikoa kiwe chako. Cha kwetu cha .co.tz kilikuwa kimesajiliwa kwa jina la fundi na kwa anwani yake binafsi, kwa nia njema kabisa, na kukirudisha kwenye jina la kampuni kulihitaji barua, muhuri, na simu kadhaa za Dodoma. Mwenye kikoa huhama kwa kugeuza rekodi ya MX, kama tulivyohama mara mbili, wala mteja hajui. Asiye nacho huhama na kadi mpya za biashara, na bango jipya mlangoni.

Ile kompyuta ya chumba cha pili hatukuitupa. Tuliibadilisha feni, tukaifungia kabisa milango ya nje, na sasa kila siku saa nane usiku inavuta nakala ya masanduku yote tisa na kuyaweka kwenye Dovecot ileile ya 2018, humo ndimo karani wa nyaraka anamohamishia barua zake za zamani. Sheria ya usimamizi wa kodi inataka kumbukumbu za miaka mitano, na gigabaiti 5 haziwezi kuzibeba. Kila Ijumaa diski ya pembeni huchomolewa na kwenda nyumbani kwangu Makorora. Mwezi uliopita nilijaribu kuirudisha barua moja ya 2019, ya zile zilizoandikwa tukiwa bado tunazima na kuwasha ruta, ikarudi na kiambatisho chake.